Roboti ya Faibroidi Ihukumiwe kwa Mshono Wake

Julai 2025 mwigizaji Lupita Nyong'o aliweka wazi jambo alilokuwa amelibeba kimya kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2014, mwaka uleule aliotwaa tuzo ya Oscar, madaktari walimkuta na faibroidi 30 katika mji wa mimba, naye akafanyiwa upasuaji wa kuziondoa. Aliposimulia hayo alitangaza pia ruzuku ya utafiti, kwa kushirikiana na taasisi ya Foundation for Women's Health ya Marekani, kwa ajili ya wanasayansi wanaotafuta namna ya kutibu uvimbe huu bila kumpasua mwanamke tumbo. Ni jambo la kushukuru kwamba Mkenya mwenye sauti inayosikika dunia nzima ameutaja kwa jina ugonjwa ambao kina mama wengi huuficha hata kwa dada zao. Lakini fedha za utafiti zikishapatikana, wahandisi na madaktari hulazimika kuamua watengeneze nini hasa, na hapo ndipo mawazo yanapogongana. Wengi husema lengo ni tundu dogo zaidi na kovu lisiloonekana. Nashikilia kwamba lengo hilo ni la pili. Chombo chochote cha kuondoa faibroidi, kiwe roboti ya mamilioni ya dola au koleo la mkononi, kinapaswa kupimwa kwanza kwa hali ya mji wa mimba kinaouacha nyuma, yaani kwa ubora wa mshono.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi tena. Utafiti uliofanywa katika eneo la Washington na kuchapishwa mwaka 2003 uliwapima wanawake kwa mashine ya picha, bila kusubiri walalamike, ukakadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wamepata faibroidi. Wengi hawatajua kamwe kwamba wanazo. Wengine hutokwa na damu ya hedhi kwa wingi mpaka wanaishiwa nguvu, hubanwa kibofu, huvimba tumbo na kuulizwa mimba ina miezi mingapi, hupoteza ujauzito au hukosa kuupata. Faibroidi si saratani. Ni nyama ya misuli ileile ya mji wa mimba iliyokua bila mpangilio na kujiviringisha kama donge gumu, na kila donge lina mahali pake: jingine huchungulia ndani, kwenye nafasi anapokaa mtoto, jingine hujichimbia katikati ya ukuta, na jingine huning'inia nje. Mahali hapo ndipo panapoamua njia ya kulifikia. Lile linalochungulia ndani linaweza kutolewa kupitia mlango wa kizazi, bila tundu lolote tumboni. Lililojichimbia ukutani ndilo linaloleta kazi ngumu, kwa sababu ukishalikwangua linaacha shimo linalovuja damu, na shimo hilo lazima lifungwe upesi na kwa uimara.

Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa kuondoa kizazi chote. Ni upasuaji unaoeleweka, unaomaliza damu moja kwa moja, na faibroidi haziwezi kurudi pasipo na mji wa mimba. Aliyelipinga jibu hilo kwa ukali kuliko wote katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuwa Victor Bonney, daktari wa London, ambaye mke wake mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi wakiwa bado wapya katika ndoa. Bonney aliona ni aibu kwa fani yake kumwondolea mwanamke kijana kiungo kizima kwa ajili ya uvimbe usio na saratani. Akabuni koleo la kubana mishipa ya damu wakati wa upasuaji, akaboresha namna ya kushona, na katika mgonjwa mmoja aliondoa faibroidi 225 huku akikiacha kizazi mahali pake. Ukilitazama koleo lile leo ni chuma cha kawaida, hakina umeme wala kioo. Kilicholipa thamani ni kwamba aliyelibuni alijua tatizo liko wapi: damu inayotoka wakati mshono haujakamilika. Kila chombo kilichokuja baadaye kinafaa kuulizwa kama kimelishughulikia tatizo hilo au kimelikwepa.

Upasuaji wa matundu madogo ulipoingia, ulimpunguzia mgonjwa mengi. Badala ya kupasuliwa sentimita kumi au zaidi, mwanamke anatobolewa matundu matatu au manne, tumbo linajazwa hewa ya kaboni ili viungo viachane, kamera inaingia kwa tundu moja na vyombo kwa mengine. Maumivu yanapungua, siku za kulazwa zinapungua, na utando unaogandisha viungo ndani ya tumbo, ambao unaweza kuziba mirija ya uzazi, hujengeka kwa kiasi kidogo. Ugumu ukabaki kwa daktari. Vyombo vya kawaida ni fimbo ndefu zilizonyooka, zisizo na kifundo. Mkono ukienda kulia, ncha ndani ya tumbo inakwenda kushoto. Picha kwenye skrini haina kina. Kukata kwa fimbo hizo kunawezekana, hata kuchoma mshipa kunawezekana, lakini kushona ukuta mnene wa misuli kwa tabaka mbili au tatu, sindano ikiingia kwa pembe sahihi huku damu ikiendelea kujaa, ni sawa na fundi cherehani kutakiwa atie pindo la gauni lililomo ndani ya mtungi kwa vijiti viwili virefu. Wapo mabingwa walioweza, na bado wapo. Lakini walikuwa wachache, na matokeo yake yakawa kwamba wanawake wenye donge moja dogo ndio waliofaidi matundu madogo, huku wenye madonge mengi au makubwa wakirudishwa kwenye kisu cha zamani au kuambiwa kizazi kitolewe.

Roboti iliingia katika pengo hilo. Kampuni ya Intuitive Surgical ilianzishwa mwaka 1995, mashine yake ya da Vinci ikaruhusiwa kwa upasuaji wa tumbo nchini Marekani mwaka 2000 na kwa magonjwa ya wanawake mwaka 2005. Jina la roboti huwatisha watu, hivyo inafaa kusema wazi kwamba mashine hii haiamui chochote. Daktari huketi pembeni, macho yake yako kwenye picha yenye kina, vidole vyake viko kwenye vishikio, na kila anachokifanya kinarudiwa ndani ya tumbo na vyombo vyembamba vya milimita nane. Mtetemo wa mkono unachujwa. Mwendo mkubwa wa kidole unageuzwa kuwa mdogo. Jambo kubwa kuliko yote ni kifundo: ncha ya chombo inajikunja na kuzunguka kama kiganja cha binadamu, na kwa hiyo sindano inaweza kuingia kwenye ukuta wa mji wa mimba kutoka upande wowote unaotakiwa. Hapo ndipo roboti ilipogusa tatizo la Bonney. Nyuzi za kisasa zenye vimiba vidogo, ambazo hazirudi nyuma zikishavutwa, zilisaidia pia, na haki ni kuzitaja, kwa sababu mara nyingi sifa zao hupewa mashine.

Je, kuna ushahidi? Hospitali ya Cleveland Clinic ilichapisha mwaka 2011 taarifa za wanawake 575 walioondolewa faibroidi: 393 kwa kupasuliwa tumbo, 93 kwa matundu madogo ya kawaida na 89 kwa roboti. Uzito wa kati wa uvimbe ulioondolewa ulikuwa gramu 263 kwa waliopasuliwa, takribani gramu 97 kwa matundu madogo, na gramu 223 kwa roboti. Tarakimu hizo zinasema mengi kuliko matangazo yote ya kibiashara. Daktari mwenye fimbo zilizonyooka alikuwa akichagua wagonjwa wenye uvimbe mdogo. Alipopewa kifundo, akaweza kuwahudumia wanawake ambao vinginevyo wangepasuliwa. Damu iliyopotea nayo ilikuwa ya chini zaidi kwa roboti, ingawa muda wa upasuaji ulikuwa mrefu zaidi, dakika 181 kulinganisha na 126 za kupasua. Wagonjwa hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, madaktari ndio walioamua nani apate nini, kwa hiyo utafiti huu hauthibitishi kwamba roboti ni bora kwa kila mwanamke. Unathibitisha jambo dogo ambalo kwangu ndilo la maana: mlango wa matundu madogo ulipanuka, na ulioupanua ni uwezo wa kushona.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa madaktari wenyewe, nalo ni zito. Mwaka 2013 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchambuzi wa wanawake 264,758 waliotolewa kizazi katika hospitali 441 za Marekani kwa magonjwa yasiyo ya saratani. Matumizi ya roboti yalikuwa yamepanda kutoka asilimia 0.5 mwaka 2007 hadi asilimia 9.5 mwaka 2010. Madhara kwa wagonjwa yalikuwa karibu sawa na ya matundu madogo ya kawaida, asilimia 5.5 kwa 5.3, lakini gharama iliongezeka kwa dola 2,189 kwa kila mgonjwa. Mwaka huohuo kiongozi wa chama cha mabingwa wa uzazi cha Marekani aliwatahadharisha wanawake wasiamini kwamba roboti ndiyo njia bora ya kutolewa kizazi. Wanaopinga roboti huushika ushahidi huu kwa mikono miwili, na wana haki. Ila wanautumia mahali usipohusu. Kutoa kizazi ni kukata na kufunga mishipa. Kinachobaki cha kushona ni kidogo, na fimbo zilizonyooka zinatosha. Kuondoa faibroidi na kukiacha kizazi ni kazi ambayo nusu yake au zaidi ni kushona. Kosa la Marekani lilikuwa kuichukua mashine iliyofaa kwa kazi ngumu na kuitumia kwa kazi ambayo haikuihitaji, kwa sababu hospitali ikishanunua kifaa cha bei hiyo hutafuta kazi za kukilipia. Wanaopanga kununua leo wasome funzo hilo vizuri.

Kisa kingine kinaonyesha kinachotokea tundu dogo linapofanywa kuwa bwana wa kila kitu. Donge la ukubwa wa chungwa haliwezi kupita kwenye tundu la sentimita moja. Wahandisi walitafuta jibu, wakatengeneza mashine yenye kisu kinachozunguka kwa kasi, inayolikatakata donge ndani ya tumbo na kulitoa vipandevipande. Kwa mtazamo wa kovu ilikuwa ushindi. Oktoba 2013 daktari wa Boston, Amy Reed, mama wa watoto sita, alitolewa kizazi kwa njia hiyo kwa kilichoaminika kuwa faibroidi. Maabara ilipochunguza vipande ikakuta sarkoma, saratani kali ya misuli ya mji wa mimba, na kisu kile kilikuwa kimekwisha kuitawanya tumboni. Yeye na mume wake, Hooman Noorchashm, naye daktari, walianza kampeni iliyoitikisa fani nzima. Aprili 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikikadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji wa faibroidi anaweza kuwa na sarkoma isiyojulikana. Miezi mitatu baadaye kampuni ya Johnson & Johnson ikaziondoa mashine zake sokoni. Amy Reed alifariki Mei 2017.

Makadirio yale yalibishaniwa na wengi waliona ni makubwa mno. Onyo lenyewe pia lilikuwa na gharama yake: katika hospitali za jimbo la Michigan, watafiti waliona kwamba baada ya onyo upasuaji wa tumbo uliongezeka, na madhara makubwa ya upasuaji, bila kuhesabu kuongezewa damu, yakapanda kutoka asilimia 2.2 hadi 2.8. Kwa hiyo sisemi kwamba kurudi kwenye kisu kikubwa kulikuwa salama. Ninachosema ni kwamba mashine ile ilibuniwa kujibu swali la ukubwa wa tundu, na hakuna aliyelazimisha ijibu kwanza swali la kinachobaki tumboni. Jibu lililokuja baadaye lilikuwa rahisi kwa kushangaza: mfuko. Donge huingizwa kwenye mfuko imara, mdomo wa mfuko huvutwa nje kupitia tundu lililopanuliwa kidogo, na daktari hulikata kwa kisu cha mkono bila kipande hata kimoja kugusa tumbo. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu mfuko wa kwanza wa aina hiyo kwa ajili ya mashine za kukatakata, na mwaka 2020 mamlaka ikasisitiza kwamba mashine hizo zitumike na mfuko tu. Tundu limekuwa kubwa kidogo. Ni bei halali kabisa.

Nikirudi kwenye mshono, ushahidi wa kutisha zaidi uko kwenye mimba zinazofuata. Mji wa mimba ulioshonwa vibaya unaweza kupasuka mama akiwa mjamzito au kwenye uchungu. Ni tukio la nadra, lakini likitokea mtoto anaweza kufa ndani ya dakika chache, na mama naye asipofika chumba cha upasuaji upesi. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walikusanya visa 19 vya kupasuka baada ya faibroidi kuondolewa kwa matundu madogo, wakapitia upya taarifa za upasuaji wa awali. Karibu vyote vilikuwa vimekiuka kanuni zinazofuatwa tumbo linapopasuliwa. Vingine havikushonwa kabisa, vingine vilishonwa tabaka moja, na katika vingi daktari alitegemea kuchoma kwa umeme ili kuzuia damu, jambo linaloua nyama inayopaswa kuungana. Sidhani kwamba hayo yalisababishwa na ujinga. Naona yalisababishwa na chombo kisichoruhusu kushona vizuri, mikononi mwa daktari aliyekuwa akishindana na damu. Ukimpa kifundo, unamwondolea sababu ya kukimbilia umeme. Hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kutetea roboti katika upasuaji huu, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra kwenye vipeperushi vinavyojaa picha za makovu madogo.

Hata hivyo mashine hizi bado zina upungufu ambao wabunifu wanaopata ruzuku leo wangefaa kuushughulikia. Mkubwa ni kugusa. Daktari aliyepasua tumbo huupitisha mji wa mimba katikati ya vidole vyake na kuhisi vidonge vidogo vilivyojificha ukutani, vile ambavyo baada ya miaka michache vitakua na kumrudisha mgonjwa hospitali. Kwa karibu miongo miwili na nusu roboti ya da Vinci ilimnyima daktari hisia hiyo. Alitegemea macho na picha za sumaku zilizopigwa kabla. Toleo la da Vinci 5, lililoruhusiwa Marekani Machi 2024, limeanza kumrudishia daktari hisia ya nguvu anayoitumia kuvuta na kusukuma. Ni hatua, lakini kuhisi mvuto wa uzi si sawa na kupapasa kidonge kilicho sentimita mbili ndani ya misuli. Kipimo cha sauti kinachoingizwa kwa tundu na kuonyesha picha ya ukuta wakati uleule wa upasuaji kingesaidia zaidi. Kwa uvimbe unaochungulia ndani, watafiti akiwemo Robert Webster wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt wamekuwa wakitengeneza mirija myembamba ya chuma inayoingiana na kujipinda kama ulimi wa kinyonga, ili chombo kiweze kupita katika kamera nyembamba na bado kikawa na mikono miwili. Mbinu hiyo ikifika kwenye mlango wa kizazi, kazi hiyo isiyohitaji tundu itakuwa nyepesi zaidi. Na mwaka 2022 kundi la Axel Krieger katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha roboti iliyoshona utumbo wa nguruwe kwa sehemu kubwa bila kuongozwa na mkono wa mtu, kwa mishono iliyolingana kuliko ya mabingwa. Utumbo uliotulia ni mwepesi kuliko ukuta mnene unaovuja damu, na safari bado ni ndefu. Lakini kundi hilo lilichagua mshono kuwa shabaha yake, na nalipongeza kwa chaguo hilo.

Pingamizi la pili linasema upasuaji wenyewe unapitwa na wakati. Kuna dawa zinazopunguza damu, kuna mawimbi ya sauti yanayochoma uvimbe kutoka nje, kuna sindano za joto, na kuna njia ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Ufaransa mwaka 1995. Hii ya mwisho si ndoto kwetu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, ilianza mwaka 2018 kuwafundisha madaktari wa Tanzania tiba zinazoongozwa na picha, zinazopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, na leo Dar es Salaam ina mabingwa wake. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa na ambaye damu ndiyo inayomtesa, naamini aanze huko kabla ya kufikiria roboti. Lakini mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya wanawake 254 wa Uingereza waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya kuziba mishipa na kuondoa uvimbe kwa upasuaji, chini ya uongozi wa Profesa Isaac Manyonda wa London. Baada ya miaka miwili, waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hali bora ya maisha. Kwa anayetaka kushika mimba, mabingwa wengi bado wanaona kuondoa uvimbe na kushona ukuta ndiyo njia yenye ushahidi. Upasuaji hautoweki. Utabaki kwa wale wanaouhitaji hasa, na hao ndio wenye madonge mengi, makubwa, na matumaini ya kuzaa.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza, kwa sababu linatoka hapa nyumbani. Roboti moja inauzwa kwa dola milioni moja hadi zaidi ya mbili, inahitaji mkataba wa matengenezo kila mwaka, na vyombo vyake vina hesabu maalumu ya matumizi ambayo ikimalizika havikubali tena kufanya kazi hata kama bado ni vizima. Wakati huohuo zipo hospitali za mikoa ambapo upasuaji huahirishwa kwa kukosa chupa mbili za damu au mtaalamu wa usingizi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliohesabu vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ulikuta takribani asilimia 40 havifanyi kazi. Anayesema tusinunue mashine ya kuja kufunikwa shuka hana chuki na maendeleo, ana kumbukumbu. Nakubaliana naye kuhusu mashine. Sikubaliani naye anapohitimisha kwamba mjadala huu hautuhusu, kwa kuwa kinachotakiwa si umbo la roboti, ni kifundo chake. Na kifundo kinapatikana bila umeme. Chuo Kikuu cha Michigan kilibuni FlexDex, chombo kinachofungwa kwenye mkono wa daktari na kuhamisha mzunguko wa kiganja chake hadi kwenye ncha kwa nyaya tupu. Kampuni ya LivsMed ya Korea Kusini inatengeneza ArtiSential kwa wazo linalofanana. Vyombo hivi vinahitaji mazoezi mengi na vinauchosha mkono, wala havimpi daktari picha bora au utulivu wa mashine kubwa. Lakini vinatumika na mtambo uleule wa kamera wa matundu madogo ambao baadhi ya hospitali zetu za rufaa tayari zinao.

Mahali pa kujifunzia pia papo. Oktoba 2023 ilifunguliwa IRCAD Africa mjini Kigali, tawi la taasisi ya Strasbourg iliyoanzishwa na Profesa Jacques Marescaux mwaka 1994, taasisi ileile ambayo mwaka 2001 iliandaa upasuaji wa kibofu cha nyongo ambapo madaktari walikuwa New York na mgonjwa Ufaransa. Daktari wa Bukavu, Mwanza au Mbarara anaweza kufika Kigali kwa barabara. Ningependa kuona mafunzo ya kushona ukuta wa mji wa mimba kwa vyombo vyenye kifundo yakiwa somo la lazima huko, na wahandisi wa vyuo vyetu wakikaribishwa kutengeneza vipuri, mifuko ya kukatia uvimbe na vifaa vya mazoezi kwa bei ya hapa. Kwa sababu hapa mshono una uzito kuliko Cleveland. Mwanamke wa huko akishikwa uchungu kwa kawaida yuko dakika chache kutoka chumba cha upasuaji. Mwanamke wa Kigoma au Turkana anaweza kuanza uchungu usiku, kwenye zahanati isiyo na gari, akiwa na kovu ambalo mkunga hajui lilishonwaje. Kovu la ngozini lenye urefu wa sentimita kumi halitamuua. Ukuta ulioshonwa tabaka moja unaweza.

Kwa hiyo wizara na hospitali zinazofikiria kununua mashine hizi zidai mambo ambayo wauzaji hawayaweki mbele: idadi ya wanawake waliotoka na vizazi vyao, chupa za damu zilizotumika, waliorudi na uvimbe mpya, na mimba zilizofika salama baadaye. Zidai vyombo vinavyoweza kutengenezwa hapa na mafundi watakaobaki mkataba ukiisha. Na wewe msomaji, au binti yako, au mke wako, mkiambiwa kuna faibroidi za kutolewa, muulizeni daktari kabla ya siku ya upasuaji kama kizazi kitabaki, donge litatolewa ndani ya mfuko au la, na ukuta utashonwa tabaka ngapi. Siku ya kuruhusiwa, ombeni majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi, muihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na mwanamke mwenyewe aioneshe kwa mkunga mapema katika mimba yoyote itakayofuata.